Fundi wa Nyumbani: Vinanda Viwili vya Sura Moja



Mezani pangu imewasili barua ya mama mmoja aishiye katika kambi ya polisi, mke wa konstebo, ambaye ameomba jina lake lisichapishwe. Anaeleza kwamba yeye na mumewe, kwa kudunduliza akiba ya miaka miwili, wamenunua vinanda viwili vya mkono wa pili pamoja na kompyuta ya kubebeka, ili vijana wao wawili wapige muziki kanisani na kukodiwa arusini. Vinanda hivyo ni vya kampuni moja, vya aina moja, hata rangi yake ni moja. Siku njema mambo huenda sawa: kaka hupiga sauti ya ogani, na mdogo wake hupiga besi. Siku nyingine kinanda cha kaka hutoa besi na cha mdogo hutoa ogani, au vyote viwili hutoa sauti moja. Katika arusi ya hivi karibuni jambo hilo lilitokea bibi arusi akiingia, na mwenye shughuli akakata nusu ya malipo. Mama anauliza: je, wakiuze kimoja kwa bei ya hasara, wakanunue cha kampuni nyingine?

Jibu langu, mama, ni hapana. Vinanda vyako si vibovu, wala vijana wako si wazembe. Nayasema haya kwa kuwa aibu hiyo naijua. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisaidia bendi ya kikosi kimoja, nasi tukaitwa kwenye mazishi ya askari mwenzetu. Padre alipotuashiria tuanze wimbo wa kuaga, badala ya ogani ya upole ikalia tarumbeta ya dansi tuliyoitumia jana yake. Mjane aliinua uso akatutazama. Sikuwa nimevunja chochote. Asubuhi ile, kwa haraka, nilikuwa nimechomeka nyaya mbili kwa kubadilisha matundu yake, basi. Tangu siku hiyo niliapa kulielewa jambo hili mpaka mwisho.

Yafaa tuanze na jinsi chombo kinavyofanya kazi. Kinanda cha namna hii, kikiunganishwa na kompyuta, hakiipelekei sauti. Kinachopita katika waya ni taarifa tu, mfano wa ripoti fupi ya mlinzi: kitufe fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kadha, katika chaneli fulani. Vitufe huhesabiwa kwa namba kutoka 0 hadi 127, na nguvu ya kidole kadhalika. Chaneli ni 16. Kompyuta ndiyo inayoipokea taarifa hiyo na kuamua kama italia ogani, besi au zumari.

Lugha ya taarifa hizo huitwa Midi. Ilianza kutumika mwaka 1983, na walioshika usukani katika kuibuni ni Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwanzilishi wa kampuni ya Roland. Mwezi Januari mwaka huo, katika maonyesho ya ala za muziki huko Anaheim, California, kinanda cha kampuni ya Smith kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland, na kimoja kikakipigisha kingine. Makampuni yaliyokuwa yakishindana yalikubali lugha moja pasipo kutozana ada, na ndiyo sababu kinanda cha miaka ile bado chaweza kusikilizana na kompyuta ya leo.

Taabu yetu imezaliwa baadaye, vinanda vilipoanza kuunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Vifaa vingine vya USB hutiwa kiwandani namba ya pekee, mfano wa namba ya jeshi aliyonayo kila askari. Askari wawili wakiwa na jina moja, namba huwatenganisha. Lakini vinanda vingi, hasa vya bei nafuu, havikupewa namba hiyo. Vikiwa viwili vya aina moja, vyote hujitambulisha kwa jina lile lile, na kompyuta haina njia ila kuvitambua kwa tundu vilimochomekwa. Ni kama sajini anayewatambua makuruta pacha kwa vitanda wanavyolalia: siku wakibadilishana vitanda, wa zamu ya usiku atapelekwa jikoni. Tena, katika kompyuta za Windows, kinanda cha namna hiyo kikihamishwa tundu chaweza kuhesabiwa kuwa kifaa kipya kabisa, na programu ikabaki inamngojea yule wa zamani asiyekuja.

Wazee wetu hawakuwaacha pacha bila majina. Waganda huwaita Wasswa na Kato, Waacholi huwaita Opiyo na Ocen, na kila mmoja hujua nafasi yake tangu siku ya kwanza. Nasi tuvipe vinanda majina. Hebu cha kaka kiwe Wasswa na cha mdogo kiwe Kato. Kisha tufuate hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, andikeni majina hayo juu ya karatasi ya gundi na kuyabandika mahali pane: chini ya kinanda, kwenye ncha mbili za waya wake, na pembeni mwa tundu la kompyuta. Waya wa Wasswa uingie katika tundu la Wasswa siku zote, nyumbani, kanisani na arusini. Kama mnatumia kigawanyio cha USB kwa kuwa matundu hayatoshi, basi kigawanyio nacho kiwe na tundu lake moja lisilobadilika, na afadhali kiwe chenye umeme wake chenyewe.

Pili, na hili ndilo kubwa kupita yote, wekeni Wasswa katika chaneli 1 na Kato katika chaneli 2. Vinanda vingi hutoka kiwandani vyote vikiwa katika chaneli 1, na hapo ndipo mkanganyiko unapopata nguvu. Chaneli imo ndani ya taarifa yenyewe. Haitegemei tundu wala jina. Hata nyaya zikibadilishana matundu, taarifa ya Kato itafika ikisema "mimi ni wa chaneli 2". Namna ya kuibadilisha imeelezwa katika kijitabu cha kila kinanda. Mkiisha kuibadilisha, ihifadhini katika kumbukumbu ya kinanda, mkizime, mngoje kidogo, mkiwashe tena, na mhakikishe kwamba hakijasahau. Kipo kinanda kisichokumbuka chaneli baada ya kuzimwa. Ikiwa chenu ni cha namna hiyo, kazi ya kuiweka chaneli iandikwe iwe ya kwanza kila mnapofunga vyombo.

Tatu, iambieni programu. Programu za kupigia muziki mbele ya watu, kama MainStage kwa kompyuta za Apple, Cantabile kwa Windows, au Gig Performer kwa zote mbili, huruhusu kila sauti ipewe masharti ya kinanda na chaneli inayoisikiliza. Iwekeni ogani isikilize chaneli 1 peke yake, na besi isikilize chaneli 2 peke yake, huku zote mbili zikikubali taarifa kutoka kinanda chochote kilichounganishwa. Hapo programu haitajali ni tundu gani limeleta habari. Gig Performer na Cantabile zina pia mahali pa kuvipa vinanda majina mliyoyachagua wenyewe, ili kinanda kikiharibika mbadilishe jambo moja mahali pamoja badala ya kurekebisha nyimbo zote mojamoja.

Nne, tazameni nyuma ya vinanda. Vikiwa na tundu la duara lenye pini tano, mnayo njia nyingine ya kale na madhubuti. Ununuliwe kifaa kimoja cha kupokelea Midi chenye matundu mawili ya kuingizia, kisha kila kinanda kiletwe huko kwa waya wa pini tano. Kompyuta itaona kifaa kimoja tu chenye milango miwili yenye namba, na pacha hawatachanganywa. Kumbukeni tu kwamba waya huo haupitishi umeme wa kuendeshea kinanda; kila kinanda kitahitaji adapta yake. Njia hii ina gharama, nami siwashauri muifuate kabla ya kuzijaribu tatu za mwanzo.

Tano, jihadharini na umeme wetu. Umeme ukikatika ukumbini, kompyuta ya kubebeka huendelea kwa betri yake, lakini vinanda vinavyotegemea adapta au kigawanyio huzimika. Ukirudi, huamka pamoja, na kompyuta yaweza kuvipokea kwa mpangilio tofauti na ule wa awali. Mliotenga chaneli, ikiwa vinanda vyenu huikumbuka baada ya kuzimwa, hamtachanganyiwa sauti. Huenda pia sauti moja ikang'ang'ania kulia bila kukoma, kwa kuwa taarifa ya kuachiwa kwa kitufe ilipotea waya ulipokatika. Programu nyingi zina kitufe cha dharura cha kuzinyamazisha sauti zote. Vijana wakifahamu kabla ya siku ya kazi. Aidha, kompyuta izuiwe kulala na kujisasisha wakati wa shughuli, na nakala ya nyimbo zote iwekwe katika flashi mfukoni mwa mtu mwingine, si katika mkoba ule ule wa kompyuta.

Baada ya hayo, mama, wafanyie vijana mtihani. Wakiwa nyumbani, wafunge kila kitu na kupiga wimbo mmoja. Kisha wazime, wachomoe nyaya zote mbili, wazibadilishe matundu kwa makusudi, wawashe tena. Abonyeze kaka peke yake, na msikie ogani peke yake. Abonyeze mdogo peke yake, na msikie besi peke yake. Warudie kwa kumtangulizia Kato kuwashwa, kisha kwa kumtangulizia Wasswa. Wakishindwa mara moja, wasiende arusini. Warudi hatua ya pili waikague upya. Wakipita mara zote, warudishe nyaya mahali pake palipobandikwa jina, wala wasifanye tena mchezo wa kubadilisha.

Hata wakipita, wafike ukumbini saa moja kabla ya wageni, na mtihani wa kubonyeza mmoja mmoja wairudie hapo. Utachukua dakika mbili. Mimi siku ile ya mazishi nilikuwa nazo dakika mbili, nikazitumia kunywa chai.

Basi mama, usikiuze kinanda. Gharama ya dawa hii ni karatasi ya gundi, kalamu ya wino mzito na jioni moja ya subira. Mwenye shughuli akikuita tena, mweleze kwa adabu kilichotokea na mlivyokitengeneza. Watu wengi humrudia fundi aliyekiri kosa lake.

Juma lijalo nitamjibu koplo mmoja anayeuliza jinsi ya kuliziba jiko la makaa lililopasuka ubavuni. Kwa leo, kwaherini.