Sikio la Fundi Litangulie Spana

Katika mashamba makubwa, katika hifadhi za wanyama na katika fukwe zinazopokea wageni, pikipiki ya magurudumu manne imekwisha kuwa chombo cha kazi, wala si kitu cha anasa kama wengi walivyoidhania hapo awali. Nayo huvuta tela la majani, hubeba mapipa ya maji na ya dawa za mimea, na humfikisha msimamizi mahali ambapo gari haliwezi kupita. Mafundi wetu walio wengi hawajaizoea, na ugeni huo umezaa desturi ambayo mimi naihesabu kuwa ni dhuluma kwa mwenye chombo, ijapokuwa aitendaye aghalabu hana nia mbaya: mlio usio wa kawaida ukisikika chini ya kiti, vyuma hufunguliwa kabla ya mlio wenyewe kusikilizwa, na vipuri vizima hutupwa kwa kudhaniwa tu. Rai yangu ni kwamba mlio ni ushahidi, na fundi anayefungua nati kabla ya kuupokea ushahidi huo anaitumia fedha ya mtu mwingine bila ya haki.

Pikipiki za mwanzo za namna hii hazikuwa na siri nyingi. Ile ya magurudumu matatu ambayo Honda iliitoa mwaka 1970 kwa soko la Marekani ilipeleka nguvu nyuma kwa mnyororo, na mnyororo uliolegea huonekana kwa macho. Lakini baada ya Suzuki kutoa ya magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Polaris kufuata mwaka 1985 na yake yenye mkanda unaobadili mwendo wenyewe, na Honda mwaka 1986 na yake inayovuta kwa magurudumu yote manne, njia ya nguvu ilirefuka na kupindapinda. Siku hizi nguvu hutoka katika injini, hupita kwenye mkanda na puli zake mbili, huingia katika giaboksi, hugawanyika kwa propela ya mbele na ya nyuma, hufika kwenye difu, kisha hufuata ekseli na jointi zake mpaka kwenye beringi za magurudumu. Kila kituo katika njia hiyo kina mlio wake kikiharibika. Na kwa kuwa chuma husafirisha sauti mbali, ubovu ulioko katika gurudumu la mbele huweza kumfikia dereva kana kwamba unatoka chini ya kiti chake.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mlio unatoka wapi, fundi na aulize unatoka lini. Chombo kisimamishwe, gia iwe huru, na injini iongezwe mafuta kidogo: mlio ukisikika hapo, basi kosa liko katika injini, au katika mkanda, au mwanzoni mwa giaboksi, na magurudumu hayahusiki. Usiposikika ila katika mwendo, chombo kiendeshwe polepole mahali tambarare, mara kwa kuvuta mafuta, mara kwa kuyaachia, mara kwa kukata kona upande wa kulia na upande wa kushoto, kwanza kwa magurudumu mawili, kisha, mahali penye mchanga au udongo laini, kwa manne. Nasema mchanga au udongo laini kwa makusudi, maadamu chombo kinachovuta kwa magurudumu yote juu ya lami au saruji hujikaza na kulalamika hata kikiwa kizima, na mlio huo umewahi kusababisha difu nyingi zisizo na kosa kufunguliwa.

Kadhalika, fundi na auhesabu mlio. Katika pikipiki nyingi za aina hii propela huzunguka mara tatu au nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Basi chombo kikisukumwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, na mlio wa kugonga ukasikika mara moja kwa kila mzunguko, lawama ielekezwe kwenye gurudumu, breki au ekseli, lakini ukisikika mara tatu au nne, itazamwe propela na krosi zake, yaani viungo vyake vya msalaba. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote isipokuwa alama ya chaki juu ya tairi na masikio yaliyotulia, nacho humwokolea mwenye chombo gharama kubwa.

Mlio ambao ningependa kila mwendeshaji aujue ni ule wa ta-ta-ta unaozidi chombo kikikata kona, kwa kuwa huo aghalabu hutoka katika jointi ya nje ya ekseli, na asili yake ni kitu kidogo mno. Jointi hiyo, ambayo umbo lake mashuhuri lilibuniwa na Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford, katika miaka ya 1920, ina gololi sita zinazotembea katika mifereji yake, ili gurudumu liweze kupindwa na huku likivuta bila ya kushtukashtuka. Nazo huogelea katika grisi iliyofunikwa na kifuko cha mpira ambacho mafundi hukiita buti. Kijiti au jiwe likilichana buti, grisi hutupwa nje kwa mzunguko, mchanga na maji huingia, na gololi huanza kusaga chuma kilichozibeba. Aligunduaye tundu hilo mapema, kabla ya mchanga kuingia, hubadilisha mpira na kutia grisi mpya. Anayengoja mpaka asikie mlio atanunua jointi au ekseli nzima. Na pwani kwetu, ambako vyombo hivi hupitishwa ufukweni na maji ya chumvi hurukia kila mahali, kungoja ni hasara maradufu.

Kishindo kimoja kizito wakati wa kuvuta mafuta au wa kuyaachia huashiria uwazi uliozidi: krosi iliyolika, meno ya propela yaliyochakaa, au mpira wa kushikilia injini uliokatika. Krosi iliyokauka grisi hulia kama panya katika mwendo mdogo. Mvumo unaokua pamoja na kasi, na kubadilika uzito ukihamia upande mmoja, ni wa beringi ya gurudumu. Mkanda, kwa upande wake, hupiga yowe ukiteleza kwa kulowa maji au kwa kubebeshwa mzigo mzito katika gia ya juu, na harufu ya mpira unaoungua huusaidia mlio kutoa habari. Dawa yake ya kwanza ni kuondoa maji katika nyumba ya mkanda na kutumia gia ya chini wakati wa kuvuta tela.

Difu nayo isihukumiwe kabla ya oili yake kutazamwa. Oili iliyogeuka rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Ujiuji mwembamba wa kijivu katika sumaku ya nati ya kumwagia ni uchakavu wa kawaida. Lakini vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno yaliyovunjika. Zitazamwe na tairi pia, kwa sababu tairi zisizolingana ukubwa huilazimisha difu ya mbele kupigana na ya nyuma. Na kabla ya hayo yote, fundi achungulie kama hakuna jiwe lililonasa kwenye breki au waya uliojisokota katika ekseli.

Mwaka 1816, tabibu René Laennec wa Paris alikunja karatasi kuwa mfano wa bomba, akaiweka juu ya kifua cha mgonjwa na kusikiliza moyo wake, na kutoka hapo kikatokea kile kifaa ambacho leo huning'inia shingoni mwa kila daktari. Fundi wetu anayeweka ncha ya bisibisi juu ya nyumba ya beringi na mpini wake sikioni, huku mwenzake akizungusha gurudumu kwa mkono, chombo kikiwa juu ya stendi imara wala si juu ya jeki peke yake, anafanya kazi ya utabibu ule ule, na anastahili heshima kubwa kuliko yule aliyejaza karakana yake spana za kila namba.

Ujuzi huu hufundishika. Vyuo vya ufundi, vile vya VETA kule Tanzania na vinginevyo katika nchi zetu, na vitenge saa za kusikiliza kama vinavyotenga saa za kufungua na kufunga, na mwanafunzi atahiniwe kwa kusikilizishwa chombo kibovu na kutakiwa aseme sababu ya hukumu yake kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Nawe mwenye chombo, ukisikia mlio mgeni, usiendelee kuvuta mzigo: kumbuka ulisikika katika mwendo gani, kwenye kona ya upande upi, na kwa mzigo au bila mzigo, umweleze fundi yote hayo, kisha umtake akuonyeshe ubovu kwa macho yako kabla hujalipia kipuri.