MAMBO YA MICHEZO: Ligi Haivunwi kwa Siku Moja

Wazee wa Dundori wajua vema kwamba kiazi hakivunwi siku kipandwapo. Shamba hupandwa mvua za masika zinapoanza, hupaliliwa, hunyunyizwa dawa majani yasioze, kisha mwenye shamba hungoja. Lakini kijana wa nyumba hiyo hiyo ajapo kusema kwamba ameitwa na kilabu cha mpira Nakuru, baba yake humtazama kana kwamba ameomba ruhusa ya kwenda kucheza kamari. Kijana naye hudhani kwamba akisha kuvaa jezi, fedha zitamfuata zenyewe. Wote wawili wamesahau kuuliza msimu wa ligi ni kitu gani, na mchezaji huishi kwa nini katika msimu huo.

Ligi ya mpira ilianza Uingereza mwaka 1888, ikiwa na vilabu 12. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1885, wakuu wa mpira wa nchi ile walikuwa wamekubali wachezaji walipwe mshahara. Basi vilabu vikajikuta na deni la kila juma, lakini mapato yake hayakuwa ya kila juma. Katika mashindano ya kombe, timu ikishindwa mara moja hutoka. Na mchezo wa kirafiki huweza kuvunjika wageni wasipofika. Bwana William McGregor wa kilabu cha Aston Villa akashauri kwamba vilabu vipatane mapema, kila kimoja kikutane na kila kingine mara mbili, nyumbani na ugenini, kwa siku zinazojulikana. Ni dhahiri basi kwamba ligi ilibuniwa ili mshahara upate mahali pa kutoka. Ligi isiyolipa wachezaji wake imesahau sababu ya kuzaliwa kwake.

Kenya ilipata ligi yake ya taifa mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru. Bingwa wa kwanza hakutoka Nairobi wala Mombasa, bali alikuwa Nakuru All Stars, na timu hiyo ikatwaa ubingwa tena mwaka 1969. Hapana mji mwingine uwezao kuinyang'anya Nakuru heshima hiyo. Hata hivyo heshima haimlipi mtu nauli. Jina la All Stars lilitoweka katika ligi kuu kwa miaka mingi. Likaonekana tena mwaka 2015, lakini msimu ulipokwisha timu ikashushwa daraja.

Timu iliyoirudishia Nakuru ubingwa ilikuwa ya namna nyingine. Mtu atokaye Dundori kwenda mjini hupita Lanet, penye kambi ya jeshi. Ulinzi Stars, timu ya wanajeshi iliyoufanya uwanja wa Afraha kuwa nyumbani kwake kwa miaka mingi, ilitwaa ubingwa mwaka 2003, 2004 na 2005, kisha tena mwaka 2010. Katika miaka ile mitatu ya kwanza viongozi wa mpira wa Kenya walikuwa wakigombana, hata FIFA ikaifungia nchi mwaka 2004. Lakini mchezaji wa Ulinzi alikuwa askari mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi, magomvi yawepo yasiwepo. Si ajabu kwamba mwenye kula vizuri alikimbia vizuri. Vivyo hivyo mwaka 2025 ubingwa ulichukuliwa kwa mara ya kwanza na Kenya Police, timu ya askari polisi.

Vilabu visivyo na mwajiri nyuma yake vina taabu zaidi, hata vikiwa na mashabiki wengi. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa iliondoa msaada wake katika michezo ya Kenya, na Gor Mahia na AFC Leopards, vilabu viwili vyenye wafuasi wengi kupita vyote, vikaona shida mara moja. Uwanja waweza kujaa nyimbo na ngoma, na bado mchezaji akarudi chumbani asikokuwa na unga.

Sasa msimu wenyewe. Kwa miaka ya karibuni ligi kuu imekuwa na vilabu 18. Kila kilabu hucheza michezo 34, nusu yake ugenini. Ushindi huleta pointi tatu, sare pointi moja, na mwenye kushindwa hapati kitu; haba na haba hujaza kibaba. Zamani msimu ulianza na kwisha katika mwaka mmoja, lakini tangu msimu wa 2018–19 ligi huvuka mwaka na kumalizika katikati ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo michezo migumu kabisa, ile ya kuamua bingwa ni nani na nani ashushwe, huangukia miezi ya matope. Mchezaji asiyelipwa tangu Januari hawezi kuwa na nguvu mwezi wa Mei.

Kwa hiyo yafaa baba na mwana waketi pamoja kabla ya kutia sahihi, na wamwulize kiongozi wa kilabu maneno manne. Je, mkataba umeandikwa, na kijana atapewa nakala yake? Mshahara hutoka wapi, na ulilipwa mwezi uliopita? Akivunjika mguu, ni nani atakayemlipia hospitali? Na je, ataruhusiwa kuendelea na masomo? Kiongozi mwaminifu hatachukizwa na maswali hayo. Akichukizwa, amekwisha kujibu. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa ni gumu kudaiwa.

Swali la nne lisidharauliwe. Mwaka 2015 Gor Mahia ilitwaa ubingwa bila kushindwa mchezo hata mmoja, na mfungaji wake aliyesifiwa sana, Michael Olunga, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha ufundi Nairobi. Vitabu havikumzuia kufunga. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Ujapani, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa msimu.

Wazazi wa Dundori wasiwafungie vijana wao njia ya Lanet. Mpira ni kazi kama kazi nyingine, na Nakuru ina haki ya kutoa bingwa tena. Lakini mkulima hauzi viazi kwa mnunuzi asiyetaja bei, hata gari lake likiwa kubwa namna gani. Miguu ya mwanawe isipewe thamani iliyo chini ya gunia la viazi.