Fungua Dirisha la Kifodi

Mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa ameingia nchini siku moja kabla kupitia uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro. Gonjwa hilo lilipiga hodi kwetu kwanza. Basi si ajabu kwamba watu wengi waliogopa vifodi. Mwenye nguvu alitembea kwa miguu, mwenye fedha alikodi bodaboda. Lakini mzee wa presha anayeishi mlimani afanye nini? Mama mjamzito je? Mtu asipokwenda kliniki kwa kuogopa gari, hofu yenyewe imekuwa ugonjwa wa pili.

Tukumbuke yaliyofanyika kuwarudisha abiria. Vituoni ziliwekwa ndoo za maji na sabuni. Watu walihimizwa kuvaa barakoa. Likaja agizo la abiria wote kukaa, asisimame mtu, ndiyo ile "level siti" tuliyoizoea. Wenzetu wa Kenya walikaza zaidi: matatu ya viti 14 iliambiwa ibebe watu 8, na viti vyote havikuruhusiwa kujazwa tena hadi Agosti 2021. Uganda walisimamisha kabisa magari ya abiria mwezi Machi 2020, na yaliporudi mwezi Juni yalibeba nusu tu.

Kwa maoni yangu, level siti ilituliza mioyo kuliko ndoo. Abiria aliiona kwa macho yake, na alijua mara moja ilipovunjwa. Ndoo ilikuwa nzuri, kwani kunawa mikono kunazuia kuhara na maradhi mengine mengi, na ingefaa zirudi vituoni hata leo. Lakini Korona haikusafiri hasa kwa mikono. Aprili 2021 kituo cha Marekani cha kuzuia magonjwa kilieleza kwamba mtu akigusa mahali penye virusi, hatari ya kuambukizwa kwa mguso huo ni chini ya 1 kati ya 10,000. Njia kubwa ni hewa. Mgonjwa akipumua, akiongea au akikohoa hutoa chembechembe ndogo sana zinazoelea, na ndani ya gari lililofungwa huzidi kuongezeka kadiri safari inavyokuwa ndefu. Abiria aliyenawa vizuri kisha akapanda gari lenye vioo vilivyofungwa alikuwa amefunga mlango mdogo na kuacha mkubwa wazi.

Dawa ya hewa chafu ni hewa safi, nayo haiuzwi dukani. Fungua dirisha la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, ili upepo upite katikati ya watu. Huko Japani treni za mjini zilikimbia madirisha yakiwa yamefunguliwa kidogo, hata wakati wa baridi.

Hapa ndipo ugomvi unapoanza, hasa mwezi wa Juni na Julai gari linaposhuka kutoka Kibosho au Uru asubuhi. Kijana akifungua kioo, mama wa nyuma atapiga kelele: "Funga, mtoto atapata nimonia!" Mama huyo ana haki ya kumlinda mtoto wake. Lakini nimonia huletwa na vijidudu, na vijidudu hupenda mahali watu wanapobanana bila hewa. Mtoto avikwe sweta na kofia, afunikwe khanga, na dirisha libaki wazi. Mvua ikinyesha kwa nguvu, upana wa vidole viwili unatosha. Vumbi la kiangazi ni tatizo kweli, lakini barabara yenye vumbi ina mwisho wake. Likipita, kioo kishushwe.

Tusimlaumu konda peke yake. Mwenye gari anangoja hesabu yake jioni, na hesabu haipungui kwa sababu kuna mlipuko wa ugonjwa. Wamiliki wasiopunguza hesabu wakati kama huo ndio wanaomsukuma konda kushindilia watu. Na sisi abiria tunaosema "tusogee kidogo, huyu naye aingie" tuna sehemu yetu.

Labda utasema hayo yamepita, maana Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Korona si dharura tena. La hasha. Kifua kikuu nacho husafiri kwa hewa hiyo hiyo, na mkoa wetu unakifahamu vizuri: hospitali ya Kibong'oto kule Siha imekuwa ikiwatibu wagonjwa wake tangu miaka ya 1920. Wagonjwa hao nao hupanda vifodi. Wengi hawajijui bado, na hao ndio wa hatari zaidi, kwa sababu aliyeanza dawa zinazomfaa na kuzimeza barabara huacha kuambukiza wengine baada ya majuma machache, ingawa lazima amalize miezi yote aliyopangiwa.

Kwa hiyo mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, mwenye homa za jioni, jasho la usiku au anayekonda, aende zahanati akapimwe makohozi. Matibabu ya kifua kikuu ni bure. Aende kwa kifodi bila aibu, ila avae barakoa au afunike mdomo kwa kitambaa, na aombe kiti cha dirishani.