Daftari la Bi Harusi Lisiachwe kwa Fundi Peke Yake



Siku hizi oda za hina, singo na magauni ya harusi nyingi zinapitia kwenye tovuti. Tovuti hizo mara nyingi zimejengwa kwa WordPress, programu huria iliyoanza 2003 na isiyolipiwa leseni. Nyuma yake kuna hifadhidata, yaani daftari linaloshika majina, simu, vipimo na tarehe za harusi. Kwa kawaida daftari hilo ni MySQL au MariaDB. MySQL imeitwa kwa jina la My, binti wa Michael Widenius, mmoja wa walioianzisha, na MariaDB kwa jina la mdogo wake, Maria. Madaftari yana majina ya mabinti, lakini sisi wenye biashara tukiulizwa kilichomo ndani tunajibu, "Muulize fundi."

Mimi jibu hilo silikubali. Habari za mteja ni amana, na amana huulizwa yule aliyeipokea. Huna haja ya kusomea kompyuta. Fanya majaribio manne tu kabla hujammalizia fundi pesa zake.

Kwanza, jitumie oda na kwenye anwani uandike Ng'ambo. Katika lugha ya hifadhidata, alama ile ya juu huonyesha kwamba maneno yameishia hapo. Tovuti iliyotengenezwa ovyo huchanganya maneno ya mteja na amri zake, na oda ikakwama. Hapo pana hatari kubwa zaidi, maana mwizi anaweza kupenyeza amri zake na kusoma simu na vipimo vya wateja wako. Fundi akikwambia, "Waambie waandike Ngambo," usikubali. Atenganishe amri na maneno ya mteja.

Pili, andika ujumbe huu: "Nataka hina 💍 lakini piko usinitie, inanidhuru." Kwa miaka mingi, kile MySQL inachokiita utf8 kimekuwa kikishika herufi zisizozidi baiti 3. Herufi za Kiarabu zinaingia, na hata ule moyo mwekundu wa zamani unaingia, lakini pete inataka baiti 4. Hifadhidata nyingine huikataa oda yote. Nyingine hukata kila kitu kuanzia kwenye pete bila kusema neno, na wewe ukasoma "Nataka hina" basi. Bi harusi anaungua ngozi kwa sababu ya mpangilio mmoja. Dawa yake ni utf8mb4, iliyokuwepo tangu 2010, na WordPress ikaanza kuitumia 2015. Tovuti ya zamani inahitaji kukaguliwa.

Tatu, tazama namba ya simu uliyoandika. Ikiwa ile sifuri ya mwanzo imepotea, simu imewekwa kama hesabu. Mwambie fundi aiweke kama maandishi.

Nne, dai nakala ya daftari zima kila wiki, ikae nje ya seva. MySQL ina amri ya kazi hiyo, mysqldump, inayotoa kila kitu katika faili moja. Kisha fundi airudishe nakala hiyo mahali pengine, mbele ya macho yako, uone kama majina yamo. Programu hizi ni huria, kwa hiyo ukiwa na faili hilo na mafaili ya tovuti unaweza kuhamia kwa fundi mwingine siku mtakapokosana. Lakini lifungie kwa nywila, wala usiazime flashi iliyolibeba.

Wapo watakaosema haya ni makubwa kwa biashara ya hina. Mbona vipimo vya mwili wa mtoto wa watu si vidogo?

Nawe unayeolewa, kabla hujajaza fomu, uliza: habari zangu zinakaa wapi, na nani anaziona? Mwenye biashara asiyeweza kukujibu, mpe muda akajifunze kwanza.