Pauni 42,000 za Nottingham na somo la kulea vipaji

JAYNE Torvill na Christopher Dean, Waingereza waliovuma kuliko wenzao wote katika densi ya barafuni, walitangaza mjini Sarajevo mnamo Februari 2024 kwamba wangeaga uwanja baada ya ziara ya mwisho. Ziara hiyo waliifanya mwaka wa 2025, na hivyo ukafika tamati ushirikiano ulioanza mwaka wa 1975, wakiwa vijana wadogo mjini Nottingham.

Wengi waliowaandikia buriani walikumbuka usiku wa Februari 14, 1984, katika ukumbi wa Zetra, Sarajevo, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Wachache walikumbuka ni nani aliyelipa gharama ya kuwafikisha pale. Swali hilo ndilo lenye uzito zaidi leo, kwa Waingereza na kwetu pia.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, mwanamume na mwanamke huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya soli, wakacheza muziki huku wakiteleza juu ya barafu. Waamuzi hutoa alama kwa ufundi na kwa usanii. Enzi hizo alama ya juu kabisa ilikuwa 6.0.

Torvill na Dean walichagua ‘Bolero’, muziki alioutunga Mfaransa Maurice Ravel mwaka wa 1928. Kanuni ziliruhusu dakika nne na sekunde 10 pekee, na muziki wao ulizidi hapo hata baada ya kupunguzwa. Hata hivyo, saa ilianza kuhesabu pale tu viatu vilipoanza kuteleza. Kwa hivyo, walianza wakiwa wamepiga magoti, wakiyumbisha viwiliwili kwa sekunde kadhaa kabla ya chuma kugusa barafu. Waamuzi wote tisa waliwapa 6.0 kwa usanii, na watatu wakawapa alama iyo hiyo kwa ufundi. Nchini Uingereza, zaidi ya watu milioni 24 walitazama kwenye runinga.

Ubunifu wa aina hiyo hauzaliwi kwa siku moja. Unahitaji saa nyingi za kujaribu, kuanguka na kurudia, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Dean alikuwa askari polisi wa kawaida mwenye zamu za mchana na usiku. Torvill alikuwa karani katika kampuni ya bima. Mazoezi yalisubiri kazi iishe na uwanja uwe wazi, hata kama ni saa ambazo watu wengine wamelala. Katika hali hiyo walishika nafasi ya tano kwenye Olimpiki ya Lake Placid, Marekani, mwaka wa 1980.

Kanuni za michezo ya ridhaa ziliwazuia kuuza kipaji chao. Wapinzani wao kutoka Muungano wa Kisovieti walitunzwa na serikali. Wao walikuwa na mishahara yao tu, na ilikuwa wazi kwamba mmoja wa mabwana hao wawili, ajira au barafu, angelazimika kuachwa.

Ndipo Halmashauri ya Jiji la Nottingham ilipojitokeza na kuwapa msaada wa takriban pauni 42,000 wa kuwakimu hadi Olimpiki ya 1984. Waliacha kazi na kuingia uwanjani kikamilifu chini ya kocha Betty Callaway. Mwaka wa 1981 walitwaa ubingwa wa dunia, nao hawakuupoteza hadi walipojiunga na michezo ya kulipwa baada ya ushindi wa 1984. Waliporejea kwenye Olimpiki mwaka wa 1994, Lillehammer, walipata shaba.

Pesa hazikuumba kipaji. Zilichokinunua ni muda. Aidha, msaada huo ulikuwa na sifa tatu zinazopasa kuzingatiwa na kila anayeshika mkoba wa umma: ulitolewa kwa watu ambao tayari walikuwa wameonyesha uwezo, kiasi chake kilijulikana, na tarehe ya kukoma ilijulikana.

Wapo watakaouliza kama ni haki kodi ya mfagizi wa barabara kuwalipia wacheza densi wawili. Swali hilo si la kupuuzwa, hasa Nottingham kwenyewe. Mnamo Novemba 2023, halmashauri iyo hiyo ilitoa ilani rasmi kwamba isingeweza kusawazisha bajeti yake. Miezi iliyofuata, ruzuku za sanaa na utamaduni zilikuwa miongoni mwa za kwanza kufyekwa.

Lakini tusichanganye mambo. Nottingham haikufilisika kwa kuwalea vijana wawili. Hasara mojawapo iliyoiumiza ilitokana na Robin Hood Energy, kampuni ya nishati iliyoianzisha na ambayo ilimeza mamilioni ya pauni kabla ya kufungwa mwaka wa 2020. Yaani mradi mkubwa ulioahidi faida ndio uliotia hasara, ilhali msaada mdogo ambao haukuahidi hata senti ulilipa kwa jina linalotajwa duniani kote hadi leo. Uwanja ulio mbele ya jumba la barafu la jiji hilo unaitwa Bolero.

Hapa nchini, mwanariadha hupewa muda kwa njia nyingine. Catherine Ndereba alikuwa katika Idara ya Magereza, naye Paul Tergat katika Jeshi la Wanahewa. Sare kwao ilikuwa mshahara uliowaruhusu kukimbia. Kwa Dean mambo yalikuwa kinyume, kwani ilimbidi kuivua sare ndipo aweze kucheza.

Mpango wetu umezaa matunda, lakini kivuli chake hakiwafikii wote. Msanii, mwogeleaji au mcheza sataranji hana kikosi cha kumwajiri. Tangu 2013 tuna serikali za kaunti, ambazo ziko karibu na vijana hao kama Nottingham ilivyokuwa karibu na Torvill na Dean. Kwa bahati mbaya, viongozi wetu wengi huona fahari zaidi kuzindua jiwe la msingi la uwanja kuliko kumlipia kijana mmoja miaka mitatu ya mazoezi, kwa sababu jiwe hupigwa picha siku iyo hiyo.

Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walisema. Torvill na Dean walitoa jasho wenyewe, na hakuna anayeweza kuwanyang’anya sifa hiyo. Hata hivyo, kuna madiwani walioinua mikono kupitisha pauni hizo pasipo hakika ya medali, na majina yao hayakuimbwa popote. Kaunti zetu zinahitaji madiwani wa aina hiyo.