Haki ya Njia na Michongoma ya Wenye Nyumba

Apitaye kwa miguu katika mitaa ya Oysterbay, Masaki na Mikocheni baada ya mvua za masika, wakati ambapo kila chenye mizizi huota kwa pupa, ataona kwamba michongoma na mibogenvilia iliyopandwa ili kusitiri nyumba imekwisha kuvuka mpaka wa milki ya wenyewe, ikatanda juu ya njia ya waendao kwa miguu, hata mpitaji hana budi kushuka barabarani, baina ya bajaji na magari, akajitafutie huko salama yake kwa kadiri ya majaliwa. Na wapitaji hao aghalabu ni wapishi, walinzi na dada wa kazi, watu wasio na ubavu wa kugonga geti la mtu na kudai haki.

Ukiutazama ugo huo kwa makini utastaajabu. Upande wa ndani, unaoonekana na mwenye nyumba anywapo chai barazani, umekatwa ukanyooka kama uzi wa fundi mwashi. Upande wa nje umeachwa ujiotee, miiba yake ikinasa kanga za wapitao na kuwakwaruza watoto watokao shule. Ashikwaye zaidi na taabu ni asiyeona, kwani fimbo yake hupapasa chini, ikamhakikishia kuwa njia ni nyeupe, nayo haina habari ya tawi lililoning'inia usawa wa uso.

Mwaka 2021 wamachinga wa Dar es Salaam waliamriwa kuondoka kando ya barabara, kwa hoja kwamba njia ni ya wapitaji. Na kabla ya hapo, na hata baadaye, nyumba za watu zimepigwa alama nyekundu ya X kwa kuwa zimeingia katika hifadhi ya barabara. Hoja yenyewe siipingi. Lakini sijapata kuona mchongoma uliopigwa X. Meza ya ndizi huondolewa asubuhi moja, ilhali ugo wa tajiri huachiwa miaka, kwa sababu huinyakua njia polepole pasipo kelele, na kwa sababu, tuseme kweli, mwenye ugo yumkini anayo namba ya simu ya mkubwa.

Wazee wetu wa pwani, waliofunzwa chuoni tangu udogoni, walijua kwamba kuondoa udhia njiani, japo ni mwiba mmoja, huhesabiwa katika matawi ya imani. Itakuwaje basi kwa yule aupandaye mwiba wenyewe na kuumwagilia maji?

Sisemi ugo ung'olewe. Una kivuli, una ndege, na kwangu mimi ni bora mara mia kuliko ukuta wenye vipande vya chupa na nyaya za umeme juu yake. Nitakalo ni jepesi: mtendaji wa mtaa, ambaye kwa kazi hii hahitaji mitambo wala fedha za mfadhili, awape wenye nyumba ilani ya maandishi, na muda ukiisha manispaa ikate yenyewe kisha iwadai gharama. Na matawi yakishakatwa yachukuliwe siku hiyo hiyo, kwani desturi iliyoenea ni kuyarundika papo hapo njiani, miiba na yote, mpaka yakauke.