Mkono wa Mama na Tiba ya Mionzi



Jumapili moja, baada ya ibada, mama mmoja mwenye ualbino alitufuata nyuma ya kanisa akafunua kitenge alichokuwa amefunikia mkono wake wa kulia. Miaka tisa iliyopita mkono huo ulitibiwa kansa ya ngozi kwa mionzi. Leo ngozi ya mahali pale ni nyembamba kama ganda la kitunguu, haioti malaika, na vimishipa vyekundu vinaonekana. Alitaka kujua jambo moja tu: je, ugonjwa umerudi?

Mama huyu anaanika dagaa. Wavuvi huvua usiku wakati wa giza la mwezi, na kunapokucha kazi ni ya akina mama mchangani, jua likiwaka juu na maji yakilirudisha usoni na mikononi. Kwa mwenye ualbino ni kazi ya hatari, maana ngozi yake haina ile rangi inayotukinga sisi wengine.

Ualbino ni wa kurithi, na mtoto huupata kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi weusi kabisa wanaweza kuubeba bila kujua, na kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo mama mkwe anayemsimanga mkamwana kwamba ameleta laana, anamsimanga na mwanawe wa kumzaa.

Tuzungumzie mionzi, kwani wengi wanaiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa alilazimika kusafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000. Siku hizi hata Bugando ina huduma hiyo. Kwa kawaida mgonjwa huenda siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kila mara ni dakika chache, wala hahisi maumivu mashine inapofanya kazi. Mionzi hiyo ya mashine haibaki mwilini. Akirudi nyumbani anaweza kumpakata mtoto wake na kupika kama kawaida. Ila mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kuanza.

Baada ya wiki mbili tatu ngozi huwa nyekundu, huwasha, na pengine huchubuka. Hapo ndipo wengine hukimbia. Wengine hukatishwa na nauli, au na mume anayeuliza ni nani atapalilia shamba. Jamani, tiba iliyoachwa katikati huupa ugonjwa nafasi ya kurudi. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, na usipake dawa ya dukani wala ya majani bila kuwauliza wanaokutibu.

Miaka inayofuata, mkono hukauka na vidole huweza kukakamaa. Vikunjwe na kunyoshwa kila siku. Jeraha mahali pale huchelewa kupona, basi kisu na moto vitazamwe kwa uangalifu. Mikono mirefu ya nguo, kofia pana na mafuta ya kukinga jua havina likizo, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni.

Turudi kwa mama yetu. Mkono wa kulia tuliukagua, hatukuona kidonda. Tukamwomba atuonyeshe na wa kushoto, ambao hakuwa na habari nao. Karibu na kifundo cha kidole cha shahada palikuwa na kigamba kigumu kilichotoa damu kikiguswa. Alisema ni moto wa jikoni, una miezi minne sasa. Moto wa jikoni hauchukui miezi minne, akina mama.

Jumatatu tulimsindikiza Bugando, kipande kidogo kikakatwa ili kipimwe. Mpaka tunaandika haya majibu hayajatoka. Dagaa wake wanaanikwa na wenzake wa kikundi cha kanisa, kwa zamu.